NGUVU ZA KITAO NI AKIBA, SI MIUJIZA

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Mwili hujengwa kwa chakula, usingizi, mazoezi na roho iliyotulia. Ndiposa nimeishika kalamu yangu nitoe maoni kuhusu jambo ambalo limezua ubishi mkali mabwenini muhula huu, yaani zile nguvu za Wachina.

Chanzo cha ubishi ni filamu. Nani kati yetu hajamwona mzee mwenye ndevu nyeupe akivuta pumzi, akinyoosha kiganja, na mara majambazi kumi wakarushwa ng'ambo ya ukuta? Basi pakazuka makundi mawili. Kundi la kwanza linasema ati nguvu hizo zipo, na mtu akipata mwalimu mzuri anaweza kuzipata kabla ya likizo kwisha. Kundi la pili linasema huo ni ushirikina mtupu, na kwamba anayeiga hata kule kuvuta pumzi amewafungulia mashetani mlango. Mimi nimesikiliza pande zote mbili, kisha nikaenda maktabani kusoma. Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yamepotea, tena yamepotea katika njia panda moja. Yote yanadhani hapa tunazungumzia miujiza. Lakini Watao wenyewe, wale walioijua kazi yao, walifundisha kuweka akiba.

Kwanza, Utao ni nini? Ni dini na falsafa ya Uchina. Neno lenyewe, Tao, maana yake ni njia. Anayetajwa kuwa mwalimu wa kwanza ni Laozi, na baadaye, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, akaja Zhuangzi. Watao husema kwamba ulimwengu una njia yake kama mto ulivyo na mkondo wake, na mwenye busara huufuata mkondo badala ya kushindana nao. Ndani ya kila kiumbe hupita chi. Neno hili lina maana ya pumzi, hewa au mvuke, na kwa Watao ndiyo nguvu ya uhai.

Mtao hana chi peke yake. Ana hazina tatu: jing, yaani kiini cha mwili, chi, yaani pumzi ya uhai, na shen, yaani roho au akili iliyo angavu. Ili nieleweke, chukua mfano wa koroboi. Mafuta yaliyomo ndani ni jing. Mwali unaowaka utambini ni chi. Mwanga unaokuwezesha kusoma ni shen. Ukiupandisha utambi kupita kiasi, mwali utakuwa mkubwa na wenzako watakusifu, lakini moshi utajaa nyumbani na mafuta yatakwisha kabla ya usiku wa manane. Chovya chovya humaliza buyu la asali! Kazi yote ya Mtao ni kuyatunza mafuta ili mwali uwe mtulivu na mwanga udumu. Hukaa kimya, huvuta pumzi polepole hadi chini ya kitovu, mahali wanapopaita dantian, hula kwa kiasi, hulala mapema na huzuia hasira. Hebu niambie, ndugu yangu, uchawi uko wapi hapo?

Wala mambo haya hayakubuniwa jana na watengenezaji wa filamu. Mwaka 1973, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi mahali paitwapo Mawangdui, karibu na mji wa Changsha katika jimbo la Hunan. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Miongoni mwa vitu walivyovipata ni kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wakifanya mazoezi. Huyu ameinua mikono, yule ameinama, mwingine anaiga mnyama. Karne kadhaa baadaye tabibu Hua Tuo, aliyeuawa mnamo mwaka 208 baada ya Kristo, alisifika kwa kufundisha michezo ya wanyama watano: chui-milia, paa, dubu, nyani na ndege. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Bawaba ya mlango unaofunguliwa kila siku haiozi, na mwili nao ni vivyo hivyo.

Yapo pia mazoezi yaitwayo Baduanjin, maana yake vipande vinane vya hariri ya thamani, yaliyojulikana tangu enzi ya wafalme wa Song, miaka 800 iliyopita na zaidi. Katika kipande cha kwanza unasimama, miguu imeachana kwa upana wa mabega, unaviinua viganja juu kana kwamba unaishikilia mbingu, huku ukivuta pumzi kwa pua. Katika cha pili unavuta upinde wa mshale, kushoto kisha kulia. Cha mwisho ni kuinuka kwa vidole vya miguu na kuziangusha nyayo chini, mara saba. Hayo ndiyo mambo! Nyanya yangu anaweza kuyafanya jikoni ugali ukiiva.

Sasa niwageukie wenzangu wa kundi la kwanza, wale wapendao njia ya mkato. Historia ya Utao ina kaburi kubwa la watu wa aina yao. Zamani walikuwako Watao waliotafuta dawa ya kutokufa kwa kuchemsha madini. Mtaalamu mmoja, Ge Hong, aliyezaliwa mwaka 283, aliandika kwa kirefu juu ya dawa zilizotengenezwa kwa dhahabu na kwa jiwe jekundu la zebaki. Wafalme wa enzi ya Tang walizipenda mno dawa hizo. Si walikuwa na pesa? Kwa nini wahangaike kupumua na kuinama kila alfajiri ilhali wanaweza kununua uzima wa milele katika kikombe kimoja? Wanahistoria wanaamini kwamba mfalme Wuzong, aliyekufa mwaka 846 akiwa na miaka 31 tu, na Xuanzong aliyemfuata, akafa mwaka 859, waliuawa na sumu ya dawa hizo. Lo! Waliotaka kuishi milele hawakuuona hata uzee.

Watao wenye akili walijifunza. Kadiri karne zilivyopita waliacha vyungu vya zebaki, wakasema kwamba chungu ni mwili wenyewe, moto ni pumzi, na dawa ni zile hazina tatu. Katika karne ya 12 Wang Chongyang alianzisha shirika la watawa wa Kitao liitwalo Quanzhen, lililofundisha kwamba uhai na tabia lazima vilimwe pamoja. Yaani ukifanya mazoezi ya pumzi asubuhi kisha mchana ukawatukana watu, umejaza maji katika pakacha.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi akijue. Mwanafunzi wa Wang, jina lake Qiu Chuji, aliitwa na Genghis Khan, yule mfalme wa Wamongolia aliyeitetemesha dunia. Mzee huyo, mwenye umri upatao miaka 70, akasafiri maelfu ya kilomita hadi nchi ambayo leo ni Afghanistan, na mwaka 1222 akasimama mbele ya mfalme. Mfalme akamuuliza amemletea dawa gani ya kuishi milele. Fikiria hatari aliyokuwamo! Mbele yake ameketi mtu aliyefagia miji mizima. Qiu Chuji angeweza kumdanganya, akapewa dhahabu. Badala yake alimwambia kweli: njia za kuuhifadhi uhai zipo, bali dawa ya kutokufa haipo. Akamshauri apunguze tamaa za mwili na apunguze kuua. Mfalme alimheshimu kwa ukweli wake. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1227.

Kwangu mimi, jibu hilo ndilo mizani ya kuwapimia walimu wote wa nguvu za Kitao. Anayekwambia kwamba zipo njia za kuuhifadhi uhai, msikilize. Anayekuuzia kutokufa, au uwezo wa kupaa, au uponyaji wa kila ugonjwa, huyo amesimama upande wa vyungu vya zebaki, hata akivaa kanzu ya hariri. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na msidhani biashara hiyo iliisha na wafalme wa Tang. Neno chigongi, linalotumiwa siku hizi kuyataja mazoezi haya yote, lilienea Uchina katika miaka ya 1950, wakati serikali ilipokuwa ikiyafundisha katika vituo vya afya kama tiba ya kawaida, bila dini. Lakini katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilishikwa na homa ya chigongi. Mabwana wakubwa walijaza viwanja vya michezo. Mmoja alidaiwa kuzibadilisha molekuli za maji akiwa mbali kabisa na maji yenyewe. Wako watu waliopigwa picha wameketi wamevaa sufuria kichwani, wakingoja habari kutoka angani. Sufuria, jamani! Tena wapo waliochanganyikiwa akili kwa kufanya mazoezi kupita kiasi, hata madaktari wa Uchina wakauorodhesha ugonjwa huo miongoni mwa magonjwa ya akili. Kisichopimwa kwa kiasi, hata kiwe kizuri namna gani, hugeuka.

Mambo haya yamenigusa mimi binafsi, ndiyo maana siyafanyii mzaha. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana ugonjwa wa presha. Mwaka juzi alipita mtaani kwetu muuzaji mmoja, simtaji, aliyejigamba kwamba ana siri za nguvu za Kichina. Alimtoza mjomba pesa za masomo kumi. Masomo yenyewe hayakuwa mabaya, yalikuwa kuinua mikono na kupumua. Ubaya ulikuja siku ya nne. Muuzaji alimwambia mjomba aviache vidonge vya presha kwa kuwa ati vidonge huziba njia za chi. Mjomba akaviacha. Baada ya wiki tatu alianguka kwenye steji ya matatu, mdomo umepinda na mkono wa kulia hauna nguvu. Tulishukuru Mungu alifikishwa hospitalini mapema. Muuzaji? Tulipoitafuta simu yake, haikupatikana. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Hapo ndipo mtu atauliza: je, Utao haufundishi hivyo? La, hasha! Tabibu mkuu kupita wote katika mila ya Kitao ni Sun Simiao, aliyefariki mwaka 682. Wachina humwita mfalme wa dawa. Yeye mwenyewe alifanya mazoezi ya pumzi, na aliwahimiza watu wafanye kazi kidogo kila siku bila kujichosha. Lakini je, aliwafukuza wagonjwa waende wakapumue tu? Aliandika kitabu kikubwa chenye maelfu ya maagizo ya dawa. Mtu asiyeona vizuri jioni alimpa maini. Mwenye uvimbe wa shingo alimpa tezi za wanyama, na sayansi ya leo inajua sababu ya tiba hizo kufaa, yaani vitamini A katika maini, na homoni na madini ya joto katika tezi. Kwa hiyo anayekwambia utupe dawa kwa jina la Utao anamtukana tabibu mkubwa wa Watao.

Na sayansi ya leo inasemaje kuhusu mazoezi yenyewe? Hakuna chombo kilichowahi kuipima chi kama kitu cha pekee, jinsi tunavyopima umeme maabarani. Lakini matokeo ya mazoezi yanapimika. Taichi, ambayo ni ndugu wa mazoezi haya na iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2020, imechunguzwa sana. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara kuliko wenzao, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya uchunguzi wa Uchina wa watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijawa ugonjwa. Baada ya mwaka mmoja, kipimo cha juu cha presha kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa 7 hivi kwa waliofanya taichi, na kwa 4.6 kwa waliofanya mazoezi ya kawaida kama kutembea haraka na kuendesha baiskeli.

Soma takwimu hizo vizuri, usizipite mbio. Presha ilishuka kidogo, kwa mwaka mzima, kwa watu waliofanya mazoezi mara nne kwa wiki, saa nzima kila mara. Haba na haba hujaza kibaba. Mjomba wangu leo humeza vidonge vyake kila asubuhi jinsi daktari alivyoagiza, kisha hutoka uani na kuishikilia mbingu kwa viganja vyake. Anavifanya vyote viwili, na mdomo umerudi sawa.

Nisije nikalisahau kundi la pili, ndugu zangu wa dini. Sitaki kuwadanganya kwamba Utao ni mchezo wa viungo tu. Kwa mtawa wa Kitao, kukaa kimya na kuisindikiza pumzi ni ibada yake. Lengo lake ni kuirudisha roho katika Tao. Mimi si Mtao, na mtu akiniambia kwamba ibada hiyo si yake, ninamwelewa na ninamheshimu. Hata hivyo, kuinua mikono na kupumua kwa utulivu hakukuumbwa na Watao. Mapafu ni yetu sote. Ukipumua polepole, neva inayoteremka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni huuambia moyo upunguze mbio. Moyo haukuulizi kwanza wewe ni wa dhehebu gani. Na tukumbuke adabu: dini ya watu wengine isiitwe ushetani kwa sababu tu tumeijua kupitia filamu mbovu.

Sasa nije kwetu, maana mcheza kwao hutunzwa. Tazama jinsi sisi watahiniwa tunavyoishi. Saa tisa za usiku mtu ameketi darasani, miguu ndani ya karai la maji baridi ili asisinzie, anatafuna kahawa kavu kwa kijiko. Mchana wake analala juu ya dawati, mwalimu wa Hisabati akifundisha peke yake. Siku ya mtihani moyo unadunda kama ngoma na yote aliyoyasoma yanayeyuka. Tunaliita jambo hilo bidii. Mtao angelitazama na kusema kwamba huyu amepandisha utambi hadi mwisho, na mafuta hana. Je, tofauti yetu na mfalme Wuzong ni ipi? Yeye alikunywa zebaki, sisi tunatafuna kahawa, lakini sote tunatafuta kununua usiku mmoja kile kinachopatikana kwa miezi.

Kwa hivyo ninatoa pendekezo kwa viongozi wetu wa wanafunzi, kwa walimu wa michezo na kwa mwalimu mkuu. Tupewe dakika 15 kabla ya prepu ya jioni. Tusimame uwanjani, asiyetaka asilazimishwe, tufanye vile vipande vinane bila ubani, bila sala ya dini yoyote na bila ada. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone muuguzi kwanza. Kisha taa za mabweni zizimwe saa nne kamili, na yeyote atakayekutwa na karai la maji chini ya dawati apelekwe kulala. Tujaribu kwa muhula mmoja. Mwishoni tuhesabu mambo mawili tu: wangapi wanasinzia vipindi vya asubuhi, na wangapi wamekwenda zahanati kwa kuumwa kichwa. Zikipungua hesabu hizo, tuendelee. Zisipopungua, tuache, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema hayafai. Hivyo ndivyo kitu cha kweli kinavyojaribiwa, wala hakihitaji mtu avae sufuria kichwani.

Najua wako watakaonicheka kwamba nataka kuwageuza wanafunzi kuwa watawa wa mlimani. Wacheke tu, kwani kicheko nacho ni zoezi la mapafu. Lakini kabla ya kucheka wajiulize ni nani aliyewahi kukopa usingizi asidaiwe. Mwili una daftari lake, na kila deni huandikwa. Watao walilijua hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakatafuta njia ya kuweka kidogo kila siku, pumzi moja baada ya nyingine.

Msomaji, wino umeniishia ila neno moja limebaki. Akiba haiozi. Anza kuiweka ungali kijana.